Siku Sabini na Tano Zilizobaki

Kwenye kiwanda cha madaftari walimwita Mkasi, kwa kuwa alikuwa ameendesha mashine ya kukata karatasi kwa miaka tisa na vidole vyake vyote kumi vilikuwa bado mahali pake. Mkewe alikuwa karani wa mapokezi kiwandani humohumo. Alipojifungua mtoto wa kike, mama alipewa likizo ya siku themanini na nne. Baba akapewa tatu.

Siku ya nne Mkasi alikuwa kwenye mashine, anasinzia wima. Siku ya saba mkewe akashikwa na homa.

"Uchovu tu, Baba Nanihii," alimtania, maana mtoto alikuwa hajapewa jina. "Nenda kazini usije ukaandikiwa barua."

Siku ya nane Mkasi aliomba ruhusa ampeleke hospitali. Msimamizi akamwambia amalize kwanza oda ya shule. Akaimaliza. Walipofika hospitali jioni daktari aliuliza mbona wamechelewa hivyo. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, mama mtoto alikata roho.

Baada ya mazishi alikwenda kwa ofisa utumishi, mwanamke mpole aliyewahi kukaa meza moja na marehemu wakati wa chakula.

"Dada, mke wangu alibakiza siku sabini na tano," Mkasi alisema. "Naomba nizimalizie mimi. Mtoto hana mtu."

Ofisa alifungua kitabu cha kanuni, ingawa alizijua kwa moyo. "Imeandikwa likizo ya mama, kaka yangu. Mama hayupo, na likizo haipo tena."

"Lakini mtoto yupo."

"Mimi mwenyewe nilikuwa nakamua maziwa chooni humu, nimeegemea mlango usije ukafunguliwa. Nakuelewa." Akafunga kitabu. "Ila sina la kufanya. Msiba ni siku saba, na leo ni ya sita."

Mkasi akapiga moyo konde. Siku ya zamu alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya marehemu, akaingia naye kiwandani. Wenzake walicheka, wakamwita Mama Mkasi, mmoja akamuuliza atanyonyesha saa ngapi. Hata hivyo wakapokezana kumshikia chupa. Kabla ya saa nne msimamizi alisikia kilio kikishindana na mashine.

"Hapa ni kiwandani! Huna dada? Huna shangazi? Wanawake wa kwenu wameisha?"

Alimpa barua ya onyo. Ya pili ingekuwa ya kufukuzwa.

Jioni ile ukoo ulikaa sebuleni kwake. Mdogo wake wa kike alitoka moja kwa moja chuo cha ufundi umeme, viatu vyake vikiwa na vumbi la saruji. Alikuwa mwaka wa mwisho, msichana peke yake darasani, na mtihani ulikuwa umebaki wiki tano. Shangazi yao hakumuuliza kitu. Alimwekea mtoto mapajani.

"Haya, wewe ndiye mama sasa."

"Shangazi, mtihani wangu je?"

"Mtihani utakuwepo mwakani. Mwanamume atalea kichanga vipi?"

Binti alimgeukia kaka yake, akamtazama, akangoja. Mkasi aliona kabisa kwamba anangojwa. Neno lilimfika kooni: mtoto ni wangu, nitaacha kazi mimi. Akaifikiria mashine, miaka tisa, na kicheko cha wenzake. Akainama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Ndani ya aibu yake alihisi mwili ukilegea, kama aliyetuliwa gunia, na hilo hakuwahi kulisema kwa mtu yeyote.

Mwaka uliofuata chuo kilimwambia binti arudie tangu mwanzo. Hakurudi.

Mkasi alikuwa akienda kwa dada yake kila Jumapili na nepi na maziwa. Mtoto alishaanza kutembea. Jumapili moja alimnyooshea mikono. Mtoto akapiga yowe, akajificha nyuma ya miguu ya shangazi yake mdogo.

"Nimefikiri," Mkasi alisema. "Niache kazi, nimlee mwenyewe. Wewe urudi chuo."

Dada yake aliendelea kumfuta mtoto kamasi.

"Ungesema siku ile, kaka."

"Bado hujachelewa."

"Mimi nimechelewa. Na huyu akiamka analia anamwita nani? Anakuita wewe?"

Alisema bila hasira, na hapo ndipo palipomuuma Mkasi. Angemtukana, angepata la kujibu. Alikaa akimwangalia mwanawe akicheza na mfuniko wa sufuria, akiwa amempa mgongo. Saa kumi na moja akaaga, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatatu na zamu ilianza saa kumi na mbili asubuhi.