Usiku Kimya Alipopanda Meza

Kimya hachezi dansi. Hata siku ya harusi yake alikaa kwenye kiti cha bwana harusi mpaka watu wakaanza kukunja mikeka, na mkewe akacheza na kaka zake. Kazini tulimpa jina hilo kwa sababu anaweza kushinda siku nzima ndani ya shimo la lifti na usimsikie akisema zaidi ya maneno mawili, "shusha" na "simama". Kwa hiyo mtu angekuja kuniambia kwamba Kimya kapanda juu ya meza kwenye nchi ya watu, kichwani kofia ya mtu mwingine, ningemwambia akapige mswaki akalale. Lakini nilikuwepo. Na aliyemfanya apande ile meza ni mimi.

Sisi ni mafundi lifti. Kampuni ilitupeleka ng'ambo siku nne kujifunza mashine mpya, na safari yenyewe ilikuwa na maneno kabla hata hatujafunga mabegi. Mimi nilikuwa mlevi. Sisemi nilikuwa nagusa kidogo mwisho wa wiki kama wanavyosema waungwana. Nilikuwa mlevi wa kufungiwa mlango na mama watoto nikalala kwenye ngazi. Miaka mitatu nyuma nilipanda chumba cha mota na pombe ya jana bado iko kichwani, nikaachia breki kabla Kimya hajasema lolote kule chini. Lifti ikashuka nusu ghorofa ikambana goti ukutani. Anachechemea mpaka leo. Na wala sikuacha siku ile, hiyo ndiyo aibu yangu. Niliacha miaka miwili baadaye, na siku tunasafiri nilikuwa na miezi kumi na mmoja bila kuonja.

Meneja hakutaka niende. "Huko hana wa kumchunga," alisema, na mimi nimekaa pale pale mbele yake. Kimya akafungua mdomo. "Mpeleke. Akinywa, tufukuze wote wawili." Meneja akacheka, akachukua karatasi, akamwambia aandike hayo. Akaandika, akatia saini, akatoka zake. Mama watoto naye hakunihubiria. Alinikunjia mashati akasema nikinywa hata tone nisihangaike kugonga mlango, yeye na wanangu pacha watakuwa wameshahamia kwao. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha.

Siku tatu zilipita salama. Tulikuwa tunashinda kwenye karakana moja nje ya mji, mbele yetu lifti iliyoachwa wazi pande zote ili tuone matumbo yake. Mwalimu wetu lilikuwa pande la mtu, kicheko chake kinatikisa madirisha. Tulimwita Baba Breki maana somo lake lilikuwa breki. Lugha yao hatuijui, yetu hawaijui, tukawa tunaelewana kwa mikono na majina ya vipuri.

Siku ya nne ilikuwa ya mtihani. Waliivuruga breki makusudi, wakatupa saa nzima kutafuta ubaya uko wapi. Mimi na breki tunajuana, tena kwa sababu mbaya. Niliifungua, nikapitisha kidole, nikakuta bamba moja limewekwa kinyume, nikalirudisha na kufunga. Dakika kumi na tisa. Baba Breki alinikumbatia mpaka mbavu zikalia, kisha akaonyesha mdomo wake, akaonyesha mji, akaninyooshea kidole mimi. Hata mtoto angeelewa. Usiku ule sherehe ilikuwa yangu, na Baba Breki ndiye mlipaji.

Kimya alinitazama.

Tulikwenda watu sita, sisi wawili, Baba Breki na wasaidizi wake watatu. Pa kwanza palikuwa mgahawa wenye vitambaa vyeupe mezani. Kabla chakula hakijafika, chupa ilikuwa imefika. Nilifunika glasi yangu kwa kiganja. Wakacheka. Baba Breki akauondoa mkono wangu taratibu, kama vile mimi ni mgeni anayesema ameshiba huku anameza mate, akamimina mpaka juu. Wote wakainua glasi zao, macho kwangu.

Hapo ndipo Kimya aliposimama. Akagonga sahani kwa kijiko, akaanza kuhutubia. Kwa Kiswahili. "Ndugu zangu," alisema, "lifti ni kitu cha ajabu. Mtu amebonyeza kitufe, kimewaka, anabonyeza tena. Anadhani lifti haikusikia." Akaendelea hivyo robo saa nzima, akizungumzia milango, watu wanene, watu wanaojitazama kwenye kioo cha lifti wakidhani hakuna anayewaona. Wenyeji wetu, kwa heshima, walisimama na glasi zao mkononi wakitikisa vichwa. Alipofika mwisho akatupa mkono kuonyesha jinsi lifti inavyopaa, kiwiko kikaipiga glasi yangu, ikamwagika yote kwenye kikapu cha mkate.

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Miaka kumi na minne nafanya kazi na mtu, hajawahi kunisimulia hata ndoto, leo ndiyo anapata mdomo.

Pa pili palikuwa ukumbi wa muziki, chini ya ardhi, ngazi zinateremka gizani. Hapo Kimya akili zilimruka kabisa. Mhudumu alikuwa anakuja na sinia la vinywaji, Baba Breki keshaninyooshea kidole kwamba cha kwanza ni changu. Kimya akaichomoa kofia ya Baba Breki kichwani, akaivaa, akamvuta mhudumu kwa mkono, sinia na vyote, wakaingia katikati ya wachezaji. Na kucheza hajui. Alikuwa anarusha mguu mzima na kuuburuta ule mbovu. Kila sinia likisogea upande wangu, yeye yuko njiani. Mara kaanguka, mara kamkumbatia mtu, mara kapiga magoti anaimba wimbo wa shule ya msingi. Mwisho akapanda meza yetu, chupa zikapinduka moja baada ya nyingine, na meza nayo ikamshinda ikavunjika mguu. Watu walipiga makofi. Mabaunsa hawakupiga. Walitutoa nje sote sita.

Barabarani nilimshika ukosi. "Una wazimu? Tumekuja kazini au tumekuja kuuza sura?"

Alikuwa anahema, jasho linamtiririka. "Tukalale, Baba Pacha."

"Sasa hivi ndiyo unajua kulala? Umeniaibisha mbele ya watu walioniandalia sherehe. Kalale wewe."

Niseme ukweli, sikutaka kulala. Harufu ilikuwa imeshanishika. Shati langu lilikuwa limelowa pombe ya zile chupa alizozipindua, na nilikuwa navuta pumzi kwa pua makusudi. Baba Breki, aliyekuwa amevunjika mbavu kwa kucheka, alinishika bega tukaendelea mbele. Kimya akatufuata nyuma, akijishikilia ukutani.

Pa tatu palikuwa kichumba tu, viti vitano vya juu, mama mmoja anafuta kaunta. Kimya alijaribu. Alianza wimbo, sauti ikakatika. Uso wake ulikuwa umepauka. Akashuka kwenye kiti, akapapasa ukuta, akapotelea kwenye mlango wa choo.

Yule mama akaweka glasi mbele yangu. Ndogo, imejaa, haina hata povu. Nikaishika.

Ndipo nikagundua kwamba usiku kucha hii ilikuwa mara ya kwanza glasi kukaa mkononi mwangu. Nikahesabu nyuma. Hotuba, kofia, sinia, meza. Yule mtu hakuwa na wazimu hata kidogo. Alikuwa kazini, pengine kuliko siku yoyote tuliyowahi kufanya kazi pamoja, na goti nililomvunja mimi ndilo alilokuwa analitumia.

Utadhani hapo niliitupa ile glasi. Sikuitupa. Niliisogeza mdomoni, nikahisi ubaridi wake kwenye mdomo wa chini. Nilitaka kunywa, tena sana. Niliutazama mlango wa choo nikisubiri Kimya atoke aanguke, apige kelele, afanye vioja vyake. Hakutoka. Nikamkasirikia kabisa, kana kwamba ameacha zamu. Dakika zikapita. Baba Breki alikuwa anaongea na mwenzake, hakuna aliyekuwa ananitazama. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananitazama, nikaona haya. Sijui kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Niliiweka ile glasi mbele ya Baba Breki. Akaichukua bila kuuliza, akaimaliza, akanipigapiga mgongoni. Basi, ndivyo ilivyokwisha.

Nilimkuta Kimya kwenye kijia cha chooni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, suruali ameikunja. Goti lilikuwa limevimba mpaka limepoteza umbo. Hakuniuliza kitu. Nikageuka, nikachuchumaa, nikambeba mgongoni mitaa minne mpaka hotelini. Kichwa chake kilikuwa begani pangu, karibu kabisa na mdomo wangu, na njia nzima aliugeuza uso upande wa pili, asije akanusa pumzi yangu.

Asubuhi nilimkuta chumba cha chai. Mguu ulikuwa juu ya kiti, umefungwa taulo lenye barafu. Mbele yake mayai yamepoa. Nilikaa. Alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari.

"Hukuniuliza," nikasema.

"Nini?"

"Unajua nini."

Akaweka kijiko chini. "Niliogopa ungenijibu kweli." Nilidhani ndiyo imetoka hiyo, lakini siku hiyo maneno yalikuwa bado hayajamwishia. "Baba Pacha, niliweza kutoka pale chooni. Goti liliuma, ndiyo, lakini ningejikokota. Nilikaa kwenye ile ndoo nikasema basi, nimechoka kumchunga. Akinywa anywe. Nilisema hivyo. Na nilikuwa nasema kweli." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nisamehe."

Yeye. Aniombe msamaha mimi.

Huyu mtu nimemwomba samahani mara ambazo sizijui idadi, nyingi nikiwa nimelewa, nikimlilia mabegani mpaka mkewe ananitoa nje. Samahani nilikuwa nazo tele. Asante sikuwahi kumpa hata moja, kwa sababu asante inataka uwe mzima ndipo uone ulichopewa.

"Sikunywa," nikamwambia. "Niliishika. Ilifika mdomoni. Nilikungoja utoke, hukutoka, nikampa Baba Breki."

"Ukiwa peke yako?"

"Peke yangu."

Alijifunika uso kwa viganja. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani anacheka, nikaanza kucheka na mimi, mpaka nilipoona chozi linapita katikati ya vidole na kudondokea kwenye mayai. Watu wa meza za jirani wakageuka kututazama. Nilivuta kiti changu, nikakaa upande wake, nikaushika mkono wake mbele ya wote.

"Asante, ndugu yangu," nikasema. "Asante kwa meza, asante kwa kofia. Na asante kwa kubaki kwenye ile ndoo."