Mwanya wa Muzafaru

Muzafaru alikuja kutibiwa moyo, wakampeleka kwa daktari wa meno. Alikasirika kwelikweli. Mtu akiumwa mguu hapimwi masikio, alimfokea bintiye Latifah, na sauti ikasikika mpaka nje ya ile hospitali ya Tororo.

Daktari Akol, mwanamke mpole asiyetishika, alimsubiri amalize. "Mzee, mlango moja ya moyo wako inavuja. Wadudu ya fizi inaingia kwa damu, inaenda kukaa hapo hapo. Hakuna mtu atapasua wewe na hii mdomo. Meno ile inacheza tutoe kwanza, hata hii mbili ya mbele."

Ya mbele! Hapo hasira ikamwisha, akanywea. Katikati ya meno hayo mawili ndipo ulipokuwa mwanya wake, na mwanya huo ndio uliompa mke.

Enzi hizo aliendesha lori la saruji, Tororo hadi Busia, na foleni ya mpakani ilikuwa ya kumzeesha mtu. Sakinah alipita kati ya malori na birika la chai. Muzafaru alicheka tu, binti wa watu akajimwagia chai vidoleni.

"Kama hungekuwa na hiyo mwanya," Sakinah alimwambia walipokwisha kuoana, "ungekunywa chai uende zako."

Ah, raha iliyoje siku zile! Foleni nzima ilinukia tangawizi, madereva wakitafuna mairungi kufukuza usingizi. Nao walikuwa na dawa yao: fizi ikitoka damu, hata mdomo ukinuka, weka mswaki kando, tafunia upande wa pili. Muzafaru aliifuata dawa hiyo miaka nenda miaka rudi, mjinga kama wenzake.

"Sakinah atanitambuaje huko akhera?" alimuuliza Latifah, machozi yakimlengalenga. Mkewe alikuwa na mwaka wa tatu kaburini.

"Baba, mimi sitaki umfuate saa hii."

Akaachama mdomo, wakamng'oa.

Fizi zilipopona na meno yaliyobaki kusafishwa, daktari wa moyo alimpa tarehe ya upasuaji. Jioni hiyo, nyumbani Busia, Latifah aliweka sinia la wali mkekani, akaketi bega kwa bega na baba yake, akanawa, akatia mkono.

Muzafaru alishangaa. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alikula naye karibu hivyo, asikumbuke. Sakinah, miaka yake ya mwisho, alikuwa akimwandalia chakula, kisha anachukua sahani yake na kwenda kukaa mlangoni. Alikuwa akisema anapenda upepo.

Akalirudisha tonge kwenye sinia.

"Latifah," alisema, "mama yako alipenda upepo kweli?"

Latifah alichambua nyama laini kwenye sinia, akaisogeza upande wa baba yake.

"Kula, Baba."