Kipande cha Josephati

Kifuniko cha sufuria kilianguka sakafuni kabla jogoo hajawika, kikazunguka weee mpaka kikatulia. Nilijua ni Hyasinta, mke wa mwanangu, anajizoeza kupika kwa mkono wenye vidole vitatu. Sikutoka kumsaidia. Mtu anapojifunza, macho ya mama mkwe ni mzigo.

Vidole viwili vilikwenda na mashine ya kumenya kahawa, Septemba 1979, katika shamba kubwa lililo juu ya Karatu. Zamu ilikuwa ya mwanangu Josephati, lakini yeye alikuwa Kansay akimzika baba yake mdogo. Kwetu shambani, mume akienda msibani, mke alichukua kipande chake, ile kadi ya kutiwa alama kila siku, akaenda kazini ili siku isipotee. Kipande tulikiona kama jembe, kwamba ni cha nyumba nzima.

Meneja Valeriani akakataa fidia. Alisema hana mfanyakazi anayeitwa Hyasinta. Tukapeleka malalamiko, na asubuhi ile ya kifuniko Afisa Kazi alikuwa anakuja kutoka Arusha kutusikiliza. Nami nikafuatana na Josephati na mkewe hadi ofisi ya shamba, maana nilitaka sana kuona sheria inampimaje mtu.

Afisa mwenyewe, Clemensi, alikuwa kijana. Kabla ya kuketi alimsogezea Hyasinta kiti pembeni, mahali ambapo watu hawakuweza kuukodolea mkono wake macho.

Meneja ndiye aliyeanza. "Ndugu Afisa, hiki kipande ni cha Josephati. Josephati, hebu inua mikono." Mwanangu akainua. "Hesabuni. Kumi! Sasa nilipe vidole gani, vya ndotoni?"

Watu wakacheka. Hata mimi, Mungu anisamehe.

Clemensi hakucheka. "Siku ile kahawa ilimenywa?"

"Ilimenywa."

"Na vidole hivi kumi vikiwa Kansay?"

Wakacheka tena, safari hii wakimtazama meneja.

Nikashindwa kujizuia. "Samahani, mwanangu. Kama jina lake halimo kwenye kadi, sheria itamwonaje?"

"Mama, mimi nauliza mawili. Nani alimpa kazi? Na ile kazi ilikuwa ya nani?" Akamgeukia nyapara, mzee Tluway.

Wote tukamtazama mzee. Kwa kanuni za shamba, nyapara alikatazwa kumpa kazi mtu asiye na kipande chake mwenyewe.

"Tluway," meneja akasema taratibu, "umebakiza mwaka mmoja ustaafu."

Mzee akavua kofia. "Nilimpa mimi. Nilimwita kwa jina lake, nikamwambia, Hyasinta, leo shika mashine. Na si yeye tu, wake wengi nimewapa hivyo. Kahawa ya shamba haisubiri matanga yaishe, bwana meneja. Na wewe ulipita pale, ukatusalimia."

Clemensi aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu ni mfanyakazi. Alipewa kazi ya shamba na msimamizi wa shamba, akaumia akiifanya. Daktari atampima, na shamba litamlipa."

 Hyasinta aliutoa mkono ndani ya khanga, alimokuwa ameuficha tangu Septemba, akauweka juu ya goti lake.

Wiki ileile Tluway alifukuzwa kazi. Clemensi alimwandikia barua ya kumtetea, lakini jibu lilikuwa bado tulipokwenda kumwona nyumbani kwake Mbulumbulu. Tulimkuta peke yake, anapura maharage. Akaupokea ule mkono wa Hyasinta kwa mikono yake miwili, bila kuukwepa.

"Baba, umefukuzwa kwa ajili yangu," Hyasinta akasema.

"Nimefukuzwa kwa mdomo wangu mwenyewe, mwanangu. Ila tabu ni moja, bado naamka saa kumi na moja na sina wa kumwamsha. Nawapigia kelele kuku."

Tukacheka, tukapura naye mpaka jua likainama. Alitusindikiza hadi njia panda, akasimama pale akikunjakunja kofia.

"Wenzetu wa shambani wakipita hapa wanatazama kando. Wanamwogopa meneja, siwalaumu. Lakini ninyi mje tena. Mje hata Jumapili hii."