Nafasi ya Kamanda

Kamanda, kama wenzake wa kazi walivyomwita kwa utani, aliporudi kutoka mafunzo ya jeshi la akiba, chumba cha kufulia cha hoteli kilijaa vigelegele. Fundi wa mashine alijikakamua, akapiga saluti na kipande cha sabuni mkononi.

"Simameni wima wote! Mkubwa kaingia!"

"Hebu niache, kaka," Kamanda akacheka. Uso wake ulikuwa umebabuliwa na jua. Alijifunga aproni, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya kukunjia mashuka, mahali pake siku zote. Akamkuta mtu.

Msimamizi aliyaona hayo akiwa mlangoni. Mtu yule alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Mama mkwe ndiye aliyeomba, binti asiendelee kukaa bure nyumbani, naye msimamizi hakuwa na ubavu wa kumkatalia. Lakini meneja alikuwa ameshamweleza wazi kwamba kwa sheria, anayekwenda mafunzo hayo hurudi kwenye kazi yake ileile. Hata hivyo, siku Kamanda alipoaga, msimamizi alimwambia, "Nenda mdogo wangu, nitakushikia nafasi," kana kwamba ni ukarimu wake.

"Kwa sasa," alisema, akiitazama pasi badala ya mtu, "kasaidie kule kwenye kuloweka."

Kule sakafu haikauki, na dawa huchubua mikono. Hakuna asiyejua.

"Sawa, dada," Kamanda akajibu.

Fundi akaguna. "Makubwa haya! Mtu kaenda kulinda nchi, nafasi yake haikupata hata mgambo wa kuilinda."

Watu wakacheka. Msimamizi naye akacheka.

Mapumziko ya chai yalipoanza, Kamanda alimfuata msimamizi stoo, mikono ikimchuruzika maji. Alisimama mbali kidogo asije akalowesha mashuka safi.

"Dada, niambie ukweli. Kuna mahali nimekukosea? Kama nimekukosea, naomba unisamehe."

Heri angemtukana. Msimamizi alitamani rafu zimwangukie zimfunike.

"Hujanikosea kitu. Njoo."

Alikwenda naye hadi mezani. "Wifi, mpishe mwenyewe."

"Unanitoa mbele za watu? Leo hii namwambia mama!"

"Mwambie. Mwambie nilikuweka mahali pasipo pako."

Wifi alivua aproni, akaibwaga mezani, akatoka akisonya. Mfanyakazi aliyekuwa akikunja na wifi alikuwa ameshakwenda kunywa chai, na shuka moja hukunjwa na watu wawili. Msimamizi akashika upande wa pili.

Kamanda alikuwa anang'aa. "Jamani, dada ana roho nzuri! Kanihurumia mwenzenu. Mungu akuzidishie, dada."

"Amina," wakaitikia waliobaki.

Mashine zilikuwa zinanguruma. Msimamizi angenyamaza tu, mambo yangeishia hapo, na sifa ingebaki yake.

"Sikukuhurumia," akasema. "Nafasi hii ni haki yako kisheria. Nilijua kabla hujaondoka, na asubuhi nilijua, bado nikakupeleka kwenye maji."

Kamanda akasimama na shuka mkononi. "Ulijua, dada?"

"Nilijua."

Tabasamu lilimtoka taratibu. Wakasogeleana kama kazi inavyotaka. Kamanda akamkabidhi pembe zake za shuka kwa uangalifu, vidole visigusane, kisha akainama kuchukua shuka jingine.