Meya Aliyeota Mizizi

Jumamosi ya uchaguzi, Hermelinda Zapién alichoma tortila, chapati za mahindi, za kuwatosha watu wa malori mawili, akazitia maharage na kuzifunga kwenye kitambaa cha meza. Kila Aprili malori hayo huwa yameshaondoka mji wa Arroyo Blanco, yamebeba nusu ya mtaa wa Wamexico kwenda kaskazini kupalilia viazi vya sukari. Uchaguzi nao huwekwa Aprili, na aliyeuweka huko hakukosea tarehe. Mwaka huo wa 1970 watu walipakia magodoro, wakapandisha watoto, wakawasha injini, kisha wakakaa palepale mpaka wote wamepiga kura.

Hermelinda mwenyewe aligombea bodi ya shule. Hakuwa na maneno mengi. Alitaka bomba la shule ya upande wa huku wa reli litoe maji, basi. Binti yake Odilia alirudi kila siku midomo imepasuka.

"Leo limetoa?"

"Limekohoa tu, mama."

Ng'ambo ya reli, shule ya watoto wa Kizungu ilikuwa na maji mpaka ya kuoshea majani ya uani.

Kura zikahesabiwa. Wamexico wakachukua baraza la mji na bodi ya shule, viti vyote. Don Eusebio kinyozi, meya mpya, alicheza mpaka kiatu kikamtoka, na Hermelinda alilia kwa furaha bila kujificha. Alfajiri malori yakaondoka, maana palizi haimsubiri mtu.

Jumatatu walioshinda wakaenda ukumbini. Kwenye kiti kikubwa alikuwa ameketi Bwana Ledbetter, aliyekuwa meya kwa miaka ishirini na nne na mwenyekiti wa bodi ya shule kwa miaka hiyohiyo.

"Bwana Ledbetter, umeshindwa," akasema Don Eusebio. "Tupishe kiti."

"Ningependa sana. Lakini jionee mwenyewe."

Akapandisha suruali. Mizizi minene ilitoka kwenye soksi, ikapita kwenye viatu na kuzama sakafuni. Mabegani alikuwa na matawi mawili, na ndege mweusi alishaanza kujenga kiota kwenye kofia yake.

"Kumbe ndiyo maana husimami wimbo wa taifa ukipigwa," akasema Don Eusebio.

"Na watu wanadhani ni kiburi," akasema Bwana Ledbetter kwa masikitiko.

Mkewe akaitwa. Alimpangusa vumbi kwenye majani, akasema hata nyumbani alikuwa hivyohivyo kwenye kochi, akarudi zake.

Sasa, mtaani kwa kina Hermelinda, mtu hata akiwa adui yako, akikaa mbele yako haachwi mdomo mkavu. Hermelinda akamletea glasi ya maji. Bwana Ledbetter akanywa, akashukuru, na tawi la tatu likachomoza.

"We shoga, unamlea!" akafoka Chabela, mjumbe wa baraza.

"Sasa nimwache na kiu? Mimi si mshenzi."

"Mgeni siku mbili," akasema Don Eusebio, "siku ya tatu mpe jembe."

"Alime na mizizi hiyo?" akauliza Chabela.

Jembe wakalishika wenyewe. Waliufuata mzizi mkubwa kuanzia ukutani, wakavuka barabara, wakapita chini ya reli, mpaka wakatokea uwanja wa shule ya kina Odilia. Hapo ulikuwa umelikumbatia bomba la maji na kulinyonya kama ndama. Hermelinda akakaa chini vumbini.

"Miaka yote namwambia mwanangu avumilie," akasema kwa hasira. "Eti bomba bovu!"

Don Eusebio akaenda kutafuta shoka, akarudi na mwanasheria wa mji. Mwanasheria akawakumbusha sheria: mti uliozidi miaka ishirini haukatwi bila idhini ya mwenye mti. Wakamwendea mwenye mti. Aliomba muda wa kufikiri, akafikiri, akasema hapana.

"Hiyo sheria nani aliitia saini?" akauliza Chabela.

"Mimi," akasema Bwana Ledbetter. "Napenda sana miti."

Sheria hiyo ingeweza kufutwa kwa saini za nusu ya wapiga kura. Wapiga kura wenyewe walikuwa kaskazini, wameinama mashambani, na hawangerudi mpaka baridi ianze.

Hermelinda ndiye aliyegundua kwamba Bwana Ledbetter akishiba juu, chini mizizi hulegeza bomba. Tangu hapo, kila alfajiri alichota ndoo mbili kwenye kisima cha mtaani kwao, akavuka reli nazo, akammiminia kwenye viatu taratibu asimloweshe soksi. Chabela alimwambia aone haya. Hermelinda akamjibu kwamba haya anaiona sana, ila haya hainyweki, na mwanawe ana kiu.

"Leo limetoa?" alimwuliza Odilia.

"Limetoa, mama. Kidogo."

Mwezi Juni joto likazidi. Asubuhi moja Bwana Ledbetter alikohoa kwa adabu. Kivuli chake sasa kilifunika meza yote, na wajumbe walikipenda.

"Bibi, usinielewe vibaya. Maji ya jana yalikuwa na uvuguvugu."

"Samahani, Bwana Ledbetter," akasema Hermelinda Zapién, mjumbe wa bodi ya shule aliyepata kura nyingi kuliko wote, na kesho yake akaongeza barafu.