Upande wa Mama Mkwe

Gwak Hye-ryeon alitoka Ujerumani mpaka kwao Gokseong, Korea, na jambo moja tu moyoni: mama yake ausikie muziki wake kabla akili haijamtoka kabisa. Miaka yote alizitungia okestra za ugenini, na safari hii alikuwa ametunga juu ya mpigo wa nyumbani, ule wa fimbo za mbao zikilainisha nguo juu ya jiwe. Aliupata kwenye kanda ya zamani, mama akipiga peke yake. Wajuzi wa Berlin waliusifu mno, hasa mapengo yake marefu. Wakaandika kwamba huo ndio ukimya wa Korea. Wajuzi nao, ukiwapa pengo watalijaza maneno!

Mama yake, Bun-nyeo, aliketi kwenye sakafu yenye joto, simu ya bintiye sikioni, akitafuna kiazi kitamu mpaka muziki ukaisha.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hajafa mtu, Mama. Ni mpigo wako huo."

"Wangu? Mbona nusu? Bibi yako yuko wapi, hapigi?"

Hapo Hye-ryeon akakumbuka. Nguo hupigwa na wawili wakitazamana, na kila penye ukimya katika muziki wake ndipo fimbo za marehemu bibi, mama mkwe wa mama, zilipokuwa zikitua. Utotoni alilala akizisikia. Alikuwa amemsahau bibi yake, na watu wakampigia makofi.

Akalitoa jiwe stoo, akaketi upande wa bibi. "Nifundishe basi, Mama."

Mama akaanza, mikono ikikumbuka kila kitu. Hye-ryeon akaingiza fimbo zake penye mapengo, kwa usahihi wote aliousomea. Zikagongana.

"Unahesabu wewe!" mama alifoka. "Yule hakuhesabu. Alinichukia tu. Matusi ya mchana tulimalizana nayo hapa."

"Alipigaje, Mama? Nionyeshe upande wake."

"Nitaujuaje? Mimi nilikaa huku."

Hye-ryeon akalia waziwazi, kama mtoto. Mama akamkodolea macho, na macho hayo hayakumjua tena.

"Wewe dada, usikae hapo, pana mwenyewe. Sogea, anakuja sasa hivi."

Hye-ryeon akasogea. Mama akainua fimbo zake juu ya jiwe, akamngoja mama mkwe aanze. Mikono ikamchoka, naye hakukubali kuishusha.