Tarumbeta la Klara

"Kwa hiyo ng'ombe wako akigoma kushusha maziwa, mchawi ni mimi?"

"Usinilishe maneno, Klara! Sijasema mchawi. Nimesema piga tarumbeta. Miaka yote mimi namkamua, wewe unapuliza mazoezi yako. Umeacha, na yeye kagoma. Leo kaipiga ndoo teke!"

Ndoo yenyewe ilitua uani kwangu, ndiyo maana nikatoka. Sikwenda kupeleleza. Ila nilipomkuta Shamsa kashika kiuno upande huu wa ua, na Klara kakumbatia begi upande ule, sikuona sababu ya kurudi ndani. Na majirani wenzangu walishafika, mmoja na ungo wa maharage, eti anachambua.

Ya Klara tuliyajua sote. Mvua za vuli ziliporomosha kilima, shamba lake likaenda na viazi, karoti, na miti ya peasi aliyopanda na marehemu mumewe. Tangu hapo hakukanyaga kanisani. Yeye huyo, kiongozi wa matarumbeta ya usharika, aliyekuwa akitutoa vitandani kila alfajiri ya Pasaka twende makaburini kuutangaza ufufuo! Pasaka ilikuwa kesho yake, na Klara anasubiri gari limteremshe Mombo kwa mdogo wake, akauze matunda barabarani. Kurudi, alisema, harudi.

"Nimpigie nani, dada Shamsa? Nimeomba mpaka magoti yameota sugu. Mulungu kahama huku."

"Kahamia wapi, Mombo? Na joto lile?"

Tukaangua kicheko. Hata Klara mdomo ulimcheza kidogo.

Shamsa akausogelea ua, akashusha sauti. "Mwenzangu, mimi Mwislamu. Lakini nikisikia lile tarumbeta nilikuwa najisemea, yule naye ana shida zake na bado anamshukuru Mungu. Basi na mimi nakwenda kuswali kwa moyo mkunjufu. Maneno yamekuishia, sawa. Puliza tu. Mpulizie ng'ombe."

"Wimbo mmoja. Gari likija naondoka."

Klara akaingia ndani, akatoka nalo; Shamsa akaichukua ndoo, akakimbilia bandani. Mlio wa kwanza, jamani, kama mbuzi anayekabwa. Mwenye ungo alicheka mpaka maharage yakamwagika. Klara akafumba macho, akavuta pumzi ya kutoka tumboni kabisa, pumzi ambayo nadhani hakuivuta tangu kilima kishuke. Ukatoka wimbo wa Pasaka, mnyoofu, ukapanda mpaka kwenye misitu.

"Yanashuka!" Shamsa akapiga kelele bandani. "Jamani, yanashuka!"

Klara alikuwa analia huku anapuliza, machozi yanafuatana, na wimbo haukatiki. Akamaliza beti zote, akaanza upya. Gari likaja, likapiga honi. Mdomo umejaa tarumbeta, angesema nini? Akalipungia mkono liende zake. Dereva akabaki anatutazama kama wehu, kisha akaondoa gari.

Alipomaliza alikaa chini, palepale kwenye majani, Shamsa kesharudi na ndoo ya maziwa.

"Nilidhani nampigia ng'ombe," akasema. "Kumbe nasali. Yupo, dada Shamsa. Alikuwa ananisikiliza."

"Na shamba je?" nikauliza. Mdomo wangu huu!

"Shamba limekwenda, naliona. Sikukuu ikiisha, nipeni miche ya gwatemala. Nikipanda majani yale kwenye kingo, udongo utashika. Nitaanza na kipande kidogo." Akacheka, kicheko chake kile cha kukohoa.

Alfajiri, ukungu umetanda makaburini, Klara alisimama mbele ya kikundi chake akapuliza kana kwamba anawaamsha waliolala mle chini. Wazee waliimba, watoto walirukaruka, mchungaji akasahau hata kutukalisha. Tulirudi tukiimba njia nzima, hadi mlangoni kwa Shamsa. Alikuwa amesimama katikati ya njia, kajifunga kanga, anatuzuia.

"Mnapita mnakwenda wapi na njaa zenu? Klara, waambie wenzako waweke hayo matarumbeta barazani. Na nyie wambeya nimewaona, msijifiche nyuma. Ingieni wote, mle mshibe."